Usimlaumu mlengaji kabla hujaangalia matundu

Najua nimepotea kwa wiki kadhaa, kazi zilinibana. Leo sina habari ya simu mpya wala programu mpya. Leo ni historia, na historia yenyewe ni ya bunduki za zamani. Usiondoke bado! Huko mbele tutarudi kwenye kompyuta, na kuna mtu ninayemdai msamaha. Samahani, yeye ndiye anayenidai mimi. Utaelewa.

Jumamosi iliyopita nilishuka matatu ya kutoka Kangemi, nikawa natembea Kenyatta Avenue kwenda kwa fundi anayenitengenezea laptopu. Nikasimama kwenye zile sanamu tatu za shaba. Ukiwa mtu wa Nairobi umezipita mara mia bila kuziangalia. Zilitengenezwa na mchongaji James Alexander Stevenson, zikazinduliwa mwaka 1928 kuwakumbuka askari na wapagazi Waafrika wa Vita vya Kwanza vya Dunia. Chini yake kuna maandishi ya Kiingereza, Kiarabu na Kiswahili. Wapagazi ndio waliotuachia jina la mtaa wa Kariakor, kutokana na lile la Kiingereza, Carrier Corps. Askari nao walikuwa wa King's African Rifles, au KAR, jeshi lililoundwa mwaka 1902, na kwetu nyumbani liliitwa "keya" tu.

Watu wengine wakiangalia sanamu hizo huangalia nyuso. Mimi macho yangu huenda kwenye bunduki, hasa pale juu karibu na mdomo wa mtutu, penye kile kichuma kidogo cha kulengea. Ni kwa sababu ya guka.

Guka na kijiti chake

Babu yangu, mzaa baba, alikuwa askari wakati wa Vita vya Pili. Alifariki nikiwa darasa la saba. Hakupenda kusimulia vita. Ukimuuliza kama aliua mtu, anakutuma ukamletee maji. Lakini siku moja, nyumbani kwake Uthiru, nilikuwa narusha mawe kwa manati na kulikosa kopo kila mara. Nikasema manati ni mbovu. Guka akacheka, akanivuta, akachukua kijiti na kuchora chini.

Akaniambia kwamba alipokuwa kuruta alipelekwa uwanja wa shabaha, akapewa risasi tano. Zote zilikwenda kushoto. Mkufunzi akamtukana mbele ya wenzake, kwamba ana macho mabovu, kwamba anafumba jicho akivuta kifyatulio, kwamba watu kama yeye hawatajua kulenga kamwe. Akapewa adhabu ya kuchimba mtaro. Jioni fundi wa silaha akaja kuangalia zile karatasi za shabaha. Akaweka kiganja juu ya matundu matano ya guka. Kiganja kikayafunika yote.

"Huyu anajua kulenga," fundi akasema. "Bunduki ndiyo inayosema uongo."

Akakigonga kile kichuma cha mbele kidogo tu, huwezi hata kuona kwa macho kwamba kimesogea. Kesho yake risasi tano za guka zikaingia katikati.

Nilikuwa na miaka kumi na miwili. Nilisikia hadithi ya ushujaa wa guka, basi. Maana yenyewe niliipata nikiwa na digrii ya sayansi ya kompyuta, na nikaipata nikiwa nimeshachelewa.

Vilengeo vinavyofanya kazi

Kwa wale ambao hawajawahi kuishika bunduki (hata mimi similiki, na sheria yetu ya silaha haina mchezo), nieleze kwa ufupi. Bunduki ya zamani ya jeshi haina darubini. Ina vilengeo viwili vya chuma. Cha nyuma kiko karibu na jicho na kina mwanya au tundu. Cha mbele kiko karibu na mdomo wa mtutu, nacho ni kichuma chembamba kilichosimama. Unapanga vitu vitatu katika mstari mmoja: cha nyuma, cha mbele, na shabaha.

Bunduki maarufu ya Waingereza zama zile ilikuwa Lee-Enfield ya risasi ya .303. Toleo la mwaka 1907, Mk III, lilikuwa na kilengeo cha nyuma chenye vipimo hadi yadi 2,000. Umbali kati ya kilengeo cha nyuma na cha mbele ulikuwa karibu inchi 19 na nusu. Iweke namba hiyo akilini.

Sasa hesabu, na ni ya darasa la nane tu. Yadi 100 ni inchi 3,600. Gawa kwa 19.5, unapata karibu 185. Yaani kosa lolote kwenye kilengeo linakuzwa mara 185 likifika kwenye shabaha ya yadi 100. Kilengeo kikiwa nje kwa sehemu moja tu ya mia ya inchi, risasi itapotea karibu inchi mbili. Kama risasi za guka zilikwenda kushoto kwa inchi sita, basi kichuma kilihitaji kusogezwa chini ya milimita moja. Mtaro ule wote alichimba kwa ajili ya kosa lisilofika milimita moja.

Kisogezwe upande gani? Hapa wengi hukosea. Kilengeo cha nyuma unakisogeza kule unakotaka risasi iende. Cha mbele ni kinyume, kinafuata kosa. Risasi zikienda kushoto, kichuma cha mbele unakigonga kushoto. Sababu ni kwamba kikishasogea kushoto, mlengaji atalazimika kuuzungusha mtutu kulia ili vilengeo vikae sawa tena. Juu na chini ni vivyo hivyo: risasi zikipita juu, unaweka kichuma kirefu zaidi, na mlengaji atauinamisha mtutu bila kujua. Kwa bunduki iliyofuata, No. 4, vichuma hivi vilitengenezwa kwa vimo mbalimbali, vikipishana kwa inchi 0.015, na fundi anachagua kinachofaa.

Watu wanaoshindana kulenga shabaha kwa bunduki hizi za kale, kama wale wanaokutana Bisley kule Uingereza, hutumia hesabu hii hii hadi leo. Wengine huweka kilengeo cha nyuma cha tundu kilichotengenezwa na Parker-Hale, chenye skrubu za kusogeza kushoto, kulia, juu na chini. Hatua zenyewe hazibadiliki:

1. Piga risasi kadhaa, tuseme tano, ukilenga mahali pamoja. Usiguse kitu chochote katikati.
2. Angalia matundu. Je, yamekaa pamoja au yametawanyika?
3. Yakitawanyika, shughulika na mlengaji, au risasi, au mbao iliyolegea. Usiguse vilengeo.
4. Yakikaa pamoja lakini nje ya katikati, mlengaji hana kosa. Pima umbali kutoka katikati ya kundi hadi katikati ya shabaha, fanya ile hesabu, sogeza kilengeo.
5. Rudia kwa kundi jipya.

Hatua ya kwanza ina siri. Ukisogeza kilengeo baada ya kila risasi kwa kiasi kamili cha kosa la risasi hiyo, hutaboresha kitu. Utakuwa unaufukuza mtawanyiko wa kawaida, na hesabu za takwimu zinaonyesha kwamba mtawanyiko wenyewe utakua kwa karibu asilimia 40. Wenzangu mnaobadilisha mipangilio ya seva kila mara mteja mmoja anapopiga simu, mmesikia?

Kosa la kiwandani

Msidhani ni guka peke yake aliyelaumiwa kwa kosa la chuma. Vita vya Waingereza na Makaburu kule Afrika Kusini vilipoanza mwaka 1899, Uingereza ilikusanya wapanda farasi wa kujitolea walioitwa Imperial Yeomanry na kuwapa bunduki za Lee-Enfield zilizotoka kiwandani. Ikagundulika kwamba vilengeo vya bunduki hizo vilikuwa vibovu. Kwa yadi 500, risasi zilikwenda kulia kwa inchi 18.

Piga hesabu tena. Yadi 500 ni inchi 18,000. Inchi 18 ndani ya 18,000 ni sehemu moja ya elfu. Kosa la moja kwa elfu kutoka kiwandani, na kule mbele unamkosa mtu mzima aliyesimama. Anayelenga hawezi kulijua kosa hilo kwa kuangalia bunduki yake. Analijua tu kwa kuangalia kundi la matundu kwenye karatasi, na kama hakuna aliyempa karatasi kabla ya vita, analijua vitani.

Kuna jambo jingine ambalo msanidi programu hawezi kulipita. Ile Mk III ya 1907 ilikuwa na skrubu kwenye kilengeo cha nyuma, ya kukisogeza kushoto na kulia. Askari mwenyewe aliweza kurekebisha. Mwaka 1916, vita vikiwa vimepamba moto na viwanda vikitakiwa kutoa bunduki haraka, likaja toleo rahisi, Mk III*. Skrubu ile ikaondolewa. Kuanzia hapo kosa la kushoto na kulia lilirekebishwa kwa kugonga kile kichuma cha mbele, na hiyo ni kazi ya fundi wa silaha na kifaa chake. Kwa lugha yetu, mtumiaji alinyang'anywa ruhusa, akabaki msimamizi wa mfumo peke yake.

Kiwandani uamuzi huo una akili. Skrubu moja ikipungua, bunduki nyingi zaidi zinapatikana. Lakini fikiria askari Mwafrika wa KAR chini ya bunduki hiyo. Bunduki ikisema uongo, hana ruhusa ya kuirekebisha. Anayeweza kumsaidia ni fundi. Anayemhukumu ni mkufunzi. Na kama mkufunzi ameshaamua tangu zamani kwamba watu wa rangi hii hawajui kulenga, hata karatasi hataiangalia. Guka alipata bahati ya fundi mmoja aliyeweka kiganja. Ni wangapi hawakuipata?

Na walijua kulenga. Mwaka 1944 Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki ilipigana Burma, ikateremka bonde la Kabaw hadi Kalewa na kuvuka mto Chindwin. Mmoja wa askari wa KAR waliokwenda Burma ni Waruhiu Itote. Alirudi nyumbani na cheo cha koplo, na baadaye akaingia msitu wa Mlima Kenya kama Jenerali China wa Mau Mau, hadi alipokamatwa Januari 1954. Ujuzi wa shabaha aliofundishwa na Waingereza ndio aliokuja kuutumia dhidi yao.

Sifuri inayotangatanga

Kwa haki, niseme pia kwamba si kila kosa lina adabu ya kukaa mahali pamoja. Mwaka 1944 Waingereza walitoa bunduki fupi na nyepesi kwa vita vya msituni, No. 5. Walipunguza urefu wa mtutu na kukwangua chuma hapa na pale ili kupunguza uzito. Ilibebeka vizuri. Lakini askari wakaanza kulalamika: leo unaisawazisha inapiga katikati, kesho kundi limehama. Unaisawazisha tena, linahama tena. Tatizo hilo likaitwa sifuri inayotangatanga.

Wataalamu walijaribu na hawakupata dawa. Mwaka 1947 ikaamuliwa isiendelee kutengenezwa. Hadi leo wenye bunduki hizo hubishana. Mmoja anasema yake haijawahi kutangatanga. Mwingine anasema chuma kilichokwanguliwa ndicho chanzo. Wa tatu anasema ilikuwa kisingizio tu cha jeshi lililotaka bunduki ya kisasa zaidi. Kila aliyewahi kuandikiwa na mteja "programu inakwama wakati mwingine" anaijua hali hii. Hata hivyo bunduki zile hazikutupwa. Zilitumika Malaya, na hapa kwetu wakati wa Hali ya Hatari iliyotangazwa mwaka 1952.

Lakini angalia jambo moja. Hata hapo, kilichoonyesha kwamba tatizo si askari ni makundi ya matundu, yaliyopigwa siku tofauti na watu tofauti. Bila karatasi zile, kila mmoja angeambiwa ana macho mabovu.

Sasa kosa langu

Miaka miwili iliyopita nilikuwa kwenye mradi wa kuweka vibanda vya maji vya Kawangware na Dagoretti kwenye ramani. Sitataja ni mradi wa nani. Tulikuwa na orodha ya zamani yenye majira ya kila kibanda, iliyotolewa kwenye ramani za karatasi. Vijana walitumwa na simu zao kwenda kuhakikisha kila kibanda, wasimame mlangoni na kubonyeza. Programu niliyoandika ililinganisha pointi ya simu na ile ya orodha. Tofauti ikizidi mita 50, iliandika kwa rangi nyekundu: KOSA LA MKUSANYAJI.

Msichana mmoja alipata nyekundu kwenye vibanda vyote 41 vya eneo lake. Wenzake walikuwa wameanza na vibanda vipya visivyokuwa kwenye orodha, kwa hiyo hawakuwa na cha kulinganishwa nacho. Yeye peke yake ndiye aliyepewa vya zamani. Nikaandika barua pepe kwa wakubwa. Nakumbuka maneno yangu kwa sababu bado ninayo: kwamba inaonekana anabonyeza akiwa ameketi mahali anakunywa chai. Alijitetea kwamba alifika kila mlango, na akataja hadi majina ya wauza maji. Kibarua chake hakikuendelea mwezi uliofuata.

Wiki tatu baadaye nilikuwa natafuta kitu kingine, nikachora pointi zake zote kwenye picha moja, kila kosa likianzia katikati ya duara. Nikatoa mkono kwenye kipanya. Zilikuwa zimekaa pamoja. Zote 41, kusini kwa karibu mita 300 na mashariki kwa karibu mita 90. Ungeweza kuzifunika kwa kiganja.

Wanaojua ramani wameshacheka. Ramani za zamani za Kenya zilipimwa kwa mfumo wa Arc 1960, uliotumika Kenya, Uganda na Tanzania. Simu hutumia mfumo wa WGS84. Mifumo hii miwili haikubaliani katikati ya dunia iko wapi, na kwa hapa Nairobi ukisoma majira ya mmoja kana kwamba ni ya mwingine unatupwa zaidi ya mita 300. Msichana alikuwa amesimama mlangoni kila mara. Programu yangu ndiyo iliyokuwa inasema uongo. Kuirekebisha kulichukua mstari mmoja.

Niliwaandikia wakubwa nikaeleza. Wakajibu kwamba wameelewa na kwamba nafasi ilishajazwa. Nikampigia yeye simu. Nilikuwa nimejiandaa kutukanwa, lakini alisikiliza hadi mwisho. Nilipomaliza akaniuliza swali moja: "Kwa hivyo ungeangalia tu, ungejua?"

Nikasema ndiyo.

Akasema asante kwa kupiga, akakata.

Kitu nilichobadilisha

Yale maneno "kosa la mkusanyaji" siyaandiki tena kwenye programu yoyote. Kabla programu zangu hazijamtaja mtu, zinapiga hesabu mbili: katikati ya makosa iko wapi, na yametawanyika kiasi gani. Yakiwa yamekaa pamoja, ujumbe unakuja kwangu, si kwa bosi wake. Si jambo kubwa. Ni mistari kumi na miwili, na mafundi wa silaha walikuwa wakiifanya kwa jicho na kiganja kabla baba yangu hajazaliwa.

Juzi, nikiwa natoka kazini, nilishuka Ngong Road kwenye makaburi ya vita yaliyofunguliwa mwaka 1941. Guka hajalala pale, yeye alirudi na kuzikwa nyumbani. Lakini wenzake wa rika lake wapo, mistari kwa mistari, vijiwe vimepangwa sawa kabisa kana kwamba kuna aliyevilenga. Nilikaa kidogo. Nikafikiria ni nani kati yao aliambiwa ana macho mabovu, na hakuna aliyekwenda jioni kuangalia karatasi yake.

Haya, nimesema vya kutosha. Wiki ijayo tutarudi kwenye hifadhidata, nawaahidi. Kwa sasa, kama kuna mtu ofisini kwako ambaye kila siku anapata nyekundu, mchoree pointi zake kwanza.